Noah ya Japani au gari iliyounganishwa hapa nchini? Sina usingizi

Nahodha_Shela (10 Disemba 2025): Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, nataka gari ya kupeleka wageni Watamu na Gede. Moyo uko kwa Toyota Noah ya mtumba ya Japani, lakini jirani ashikilia nitafute iliyounganishwa Kenya. Mwaonaje?

Fundi_KisumuNdogo: Noah. Spea utazipata hata saa nane za usiku.

Babu_Maweni: Miaka ya themanini nilibeba abiria kwa Peugeot 504 iliyounganishwa papa hapa Kenya. Kilifi twavuka kwa feri, daraja lilikuja 1991. Bodi ililiwa na chumvi kabla sijamaliza deni. Ila abiria mmoja aliyepanda na kuku wake ndiye nyanya ya wajukuu wangu.

Mwanamisi: Na ushuru? Gari ya mtumba, ushuru wa forodha ni 35% tangu Julai 2023, hapo hujagusa ushuru wa bidhaa wala VAT 16%. Vipande vya kuja kuunganishwa vyaingia bila ushuru wa forodha. Walindwa wenye viwanda Thika, Nairobi na Mombasa, twakamuliwa sisi.

Kazamoyo: Viwanda gani? Injini yaja nzima sandukuni, hapa ni kukaza nati.

Mwanamisi: Ndugu yangu ala kwa nati hizo hizo. Taratibu.

Salim_wa_Gede: Nahodha, hiyo Noah ni ya mwaka gani?

Nahodha_Shela: Ni safi, kilomita chache.

Salim_wa_Gede: Nimeuliza mwaka.

Nahodha_Shela: Ilisajiliwa mara ya kwanza 2018. Iko baharini. Itafika Mombasa wiki ya kwanza ya Januari. Nishalipa.

Salim_wa_Gede: Yallah! Sheria ni gari isizidi miaka 8 tangu isajiliwe. Ya 2018 mwisho kufika ni tarehe 31 mwezi huu. Januari yaingia ya 2019 kwenda mbele. Ikikataliwa, nauli ya kuirudisha ni juu yako.

Nahodha_Shela: Nayajua hayo. Ajenti asema ana mtu wake bandarini. Na bei ilikuwa ya kutupa, nani angeiacha? Pesa ni ya dhahabu za mke wangu, naye aliridhia. Karibu aridhie.

Babu_Maweni: Aliridhia au karibu? Dhahabu ya mke ni amana, mwanangu.

Fundi_KisumuNdogo: Bei ya kutupa, kumbe ilikuwa ikitupwa kweli 😂

Kazamoyo: Ngojeni. Wiki iliyopita jina hili hili lilikuwa likitangaza Noah ya kuuza. Huyu ni dalali, atutia huruma tu.

Nahodha_Shela: Wallahi si dalali! Nilikuwa natafuta wa kunivua mzigo kabla haijafika. Hati ya meli hii hapa. *[picha]*

Mwanamisi: Ulitaka kumvisha mwingine?

Kazamoyo: Jina la meli limefunikwa na kidole.

Salim_wa_Gede: Kikuzeni hicho kidole. Kucha ina hina.

Babu_Maweni: Mwanangu, ni wewe au ni mwenye dhahabu?