Kaoshea buti ndoo yangu ya maji, tena palepale chanzoni!

BintiKinyungu (mwanzisha uzi)
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mtanisamehe herufi. Jina simtaji. Wa Njombe mnamjua, na wa kwingine najua mnaye wenu: yule bwana wa buti nyeupe, ambaye tumbo lake linafika mkutanoni robo saa kabla yake.

Leo ilikuwa siku ya kupanda miti chanzoni. Mimi nimeamka saa tisa usiku kuwahi foleni, maana chemchemi yetu siku hizi inatoa maji kama mgonjwa anayetema mate. Ndoo moja ya lita 20 imejaa saa mbili kasoro asubuhi. Nikaitua nisokote kata vizuri. Dakika moja tu! Nainua macho, bwana buti kaishika ndoo yangu, ANAOSHEA BUTI. Anamimina taratibu, guu la kwanza, anageuza, guu la pili, anakagua kisigino kama bibi harusi.

Nikamwambia, "Baba, hayo maji ya watoto kunywa." Akanijibu mbele ya kata nzima: "Maji ni ya Mungu, mama. Kwani wewe umeyatengeneza?" Na watu wakacheka! Wanaume niliowapikia ugali msibani wiki iliyopita, wakacheka!

Na hilo tope kalitoa wapi? Kwenye kupanda milingoti, ile mikaratusi. MILINGOTI, wakuu, hatua kumi na tano kutoka jicho la chemchemi, nimezihesabu mwenyewe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60, na kwa mita hizohizo sisi tulitolewa kwenye vinyungu vyetu, vile vishamba vya bondeni penye unyevu. Mimi nilikuwa na maharage yameshaanza kutoa maua. Niliyang'oa kwa mkono wangu nalia, kwa sababu niliamini maji yatarudi. Tukaambiwa tupande mivengi na mikuyu, ndiyo inayotunza maji. Leo mtu analeta gari zima la milingoti, mti unaokunywa kama umetoka jangwani, anapiga nao picha, halafu anaoshea buti maji yangu.

Nimerudi mwisho wa foleni, nimefika nyumbani saa nane mchana. Mtoto kaenda shule hajanawa uso. Guu la kwanza, anageuza, guu la pili. Nikifumba macho naliona lile guu.

Mzee_wa_Kijiwe
Ndoo moja tu unatufungulia uzi mzima? Nilidhani kakuibia ng'ombe.

BintiKinyungu
Wewe una bomba ndani, huwezi kuelewa. Njoo upange foleni saa tisa usiku, kisha mtu aoshee buti.

Mzee_wa_Kijiwe
Dada, buti zenyewe zilitakata lakini?

FundiMsumeno
Hapo kwenye milingoti dada umenigusa. Milingoti imenijengea nyumba na kunisomeshea watoto watatu, na nguzo za umeme mnazoziona barabarani nyingi zinatoka huku kwetu. Mti hauna kosa. Kosa ni mahali. Panda mlimani, uza nguzo, kula hela yako. Chanzoni acha mivengi ikae.

MpingoWangu
Afadhali ninyi buti mnaziona mchana. Sisi wa Kilwa tumetenga msitu wa kijiji kwa Sheria ya Misitu ya 2002, mwaka 2009 vijiji vya wilaya yetu vikapata hata cheti cha kimataifa cha FSC, kwamba msitu unavunwa kwa kuutunza, mpingo unauzwa na hela inabaki kijijini. Ni kazi kubwa hiyo. Lakini doria tunatembea kwa miguu kutwa nzima na chapati moja mfukoni, na usiku lori linapita na magogo. Ukilisimamisha, dereva anapiga simu, nawe unapigiwa simu uliachie. Mimi nimeshapigiwa mara mbili. Mara ya pili niliambiwa nina wivu!

Mzee_wa_Kijiwe
Wivu na lori? Hahaha.

NgombeMia
Najua uzi huu unaelekea wapi, mwisho atalaumiwa mfugaji. Basi nawahi mapema. Mwaka 2006 tuliondolewa Ihefu, kule kwenye ardhioevu ya Usangu, na mifugo yetu, tukaambiwa mto Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Haya, tumeondoka. Mbona kiangazi bado unakatika? Maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya mpunga kule juu hamyaoni, mnaona pembe tu.

MamaMpunga
Na huo mpunga ndio wali unaokula, kaka. Mto ulianza kukauka mle Hifadhi ya Ruaha tangu 1993, na ng'ombe wenu walikuwemo.

NgombeMia
Na mifereji yenu haikuwemo?

Jirani_wa_Tembo
Mnagombania maji wakati wengine tunalala juu ya mti. Juzi tembo saba wameingia kwenye ekari zangu tatu za mahindi, wamekula, wamelala, wameamka, wamekula tena. Kanuni za 2011 zikaweka kifuta jasho kisichozidi laki moja kwa ekari, na zikasema shamba likiwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi huna chako. Mimi niko ndani ya mita 500! Babu yangu alilima pale kabla jiwe la mpaka halijachimbiwa!

Mzee_wa_Kijiwe
Saba? Kwenye ule uzi mwingine ulisema wanne. Chai hii.

Jirani_wa_Tembo
Wanne walikuwa wa mwezi uliopita.

MpingoWangu
Pole sana ndugu. Jaribu kamba ya katani na vitambaa, pakaza oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Mvua ikinyesha rudia kupaka. Jirani zangu wamevuna hivyo.

BintiKinyungu
Wakuu, mimi bado nipo. Ile miche ya milingoti niing'oe usiku huu au nisubiri mkutano mkuu wa kijiji?

FundiMsumeno
Subiri mkutano, uende na futi kamba. Upime mita 60 mbele ya watu, iandikwe kwenye muhtasari.

Mzee_wa_Kijiwe
Na ndoo yako uifunge kufuli.

Jirani_wa_Tembo
@MpingoWangu, hiyo pilipili ni kichaa au hata ile ndefu inafaa? Na mizinga ya nyuki uliishajaribu? Naambiwa tembo akisikia mlio wa nyuki anageuza.

MpingoWangu
Kichaa, ndugu. Ile ndefu ataifanya kachumbari. Mizinga inasaidia, lakini hadi nyuki waingie. Mizinga mitupu wanaijua.