Mjadala: Mteja asiyejua anachotaka, AI itamtengenezea nini?

Wakuu,

Kila toleo jipya la AI (akili bandia) linapotoka, mabishano yanarudi palepale. Kambi moja inasema kazi ya kutengeneza programu imekwisha, nyingine inajibu kwamba AI inaandika misimbo mibovu, yaani maagizo mabovu ya kuiongoza kompyuta. Zote mbili zinapima kitu kimoja: msimbo unaandikwa upesi kiasi gani, na una ubora gani. Mimi naona tunagombania pembeni. Sehemu ngumu ya kazi hii, kwa yeyote aliyewahi kuifanya na watu wenye fedha zao na hofu zao, ni kujua kinachotakiwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: AI inaandika msimbo vizuri na itazidi kuandika vizuri, lakini mteja ambaye hajajua anachotaka bado anahitaji mtu.

Februari 2024 Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya chipu za kompyuta ya Nvidia, alisema jukwaani Dubai kwamba teknolojia inapaswa kufika mahali ambapo hakuna anayelazimika kujifunza kuandika programu, kwa kuwa lugha ya kompyuta itakuwa lugha ya binadamu. Kauli ile iliwavunja moyo vijana wengi, na ndiyo maana naichukulia kwa uzito. Ila ahadi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1954 timu ya kampuni ya IBM iliyokuwa ikiandaa FORTRAN, lugha ya kuandikia programu, iliandika kwamba mfumo huo ungekaribia kuondoa kabisa kazi ya kuandika misimbo na kusaka makosa. Miaka michache baadaye ikaja COBOL, lugha nyingine yenye maneno ya Kiingereza cha kawaida, ili hata meneja aweze kuisoma. Miaka ya 1980 tukaahidiwa lugha za kizazi cha nne, zilizokusudiwa kukaribia zaidi usemi wa kawaida. Kila hatua ilipunguza jasho kweli. Kilichobaki baada ya kila hatua ni kilekile: mtu fulani lazima aamue, mpaka kwenye kona ya mwisho, mfumo ufanye nini.

Chukueni ombi moja la kawaida kabisa: "Wateja wasio hai waondolewe kwenye mfumo." Maneno sita. Ipe AI ombi hilo, na baada ya muda mfupi unapata msimbo safi, wenye maelezo, na majaribio yake yote, yale ya kuhakiki kwamba unafanya kazi, yanapita. Sasa tuulize. Asiye hai ni nani? Mtu wa masoko anamaanisha ambaye hajanunua kitu mwaka mzima. Mhasibu anamaanisha ambaye akaunti yake haina deni wala salio. Anayepokea simu za wateja anamaanisha ambaye namba yake haipatikani tena. Na kuondolewa ni kufanywa nini? Kufutwa moja kwa moja, au kufichwa tu kwenye orodha? Wakifutwa, ankara zao za nyuma zinakwenda wapi, na hesabu za mwaka jana zitalingana na zilizokwisha kukaguliwa? Mtu akirudi baada ya miezi miwili, anaanza upya au anakuta kumbukumbu zake? Huenda kuna sheria inayotaka rekodi za malipo zitunzwe kwa miaka kadhaa, na nyingine inayompa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Ipi inatangulia, na nani ndani ya kampuni ana mamlaka ya kulisema hilo?

Msimbo hauandikiki bila maswali hayo kupata majibu, hivyo AI itayajibu. Itachukua jibu linaloonekana la kawaida zaidi kwa jinsi ilivyofunzwa, na mara nyingi haitakutajia kwamba kulikuwa na jambo la kuchagua. Majaribio iliyoyaandika yenyewe yamesimama juu ya dhana ileile, kwa hiyo yatapita hata kama dhana ni potofu, kama mwanafunzi aliyejitungia mtihani na kujisahihishia. Kosa litaonekana siku mhasibu anafunga mwaka.

Najua mtaniambia developa (mtengeneza programu) mbaya naye hufanya hivyohivyo. Ni kweli, na sitamtetea. Mtu anayepokea ombi lenye maneno sita, akaingia kuandika bila kuuliza hata swali moja, AI inamweza leo hii, tena kwa gharama ndogo.

Kuna jambo moja naomba kambi ya "wamekwisha", inayosema watengeneza programu hawahitajiki tena, ilitazame kwa makini, kwa sababu linatoka upande wao. Kipimo kilichotumika sana kuonyesha uwezo wa AI katika kazi hii ni SWE-bench, kilichotoka mwaka 2023, chenye kazi 2,294 zilizochukuliwa kutoka miradi halisi ya lugha ya programu ya Python iliyo wazi kwa umma. Mwaka uliofuata OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, waliwaita watengeneza programu wazikague sampuli za kazi hizo. Walikuta kwamba asilimia 38.3 ya sampuli zilikuwa na maelezo yasiyojitosheleza, na nyingi zaidi zilikuwa na majaribio yanayoweza kukataa hata jibu sahihi. Wakachuja, wakabakiza kazi 500 zilizoeleweka, na ndizo zikaitwa SWE-bench Verified. Modeli za mwaka 2025 zilivuka asilimia 70 kwenye hizo 500, na hayo ni mafanikio makubwa, sitayabeza. Lakini tazameni kilichofanyika: ili kuipima AI kwa haki, ilibidi binadamu kwanza waondoe maombi yenye utata. Wakati mwingi wa developa unaliwa na maombi ya aina hiyo hasa yaliyotolewa. Na yale yalikuwa yameandikwa na watu wanaojua programu. Mteja wa kawaida anaandika kwa utata kuliko hapo.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni hii: AI nayo inaweza kuuliza. Kuuliza si ujinga, na modeli mpya zinauliza vizuri ukiziagiza. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye mjadala wenyewe. Swali zuri linahitaji mtu wa kulijibu. Mteja ukimtumia maswali ishirini yaliyopangwa vizuri, atajibu matatu, na kwa yaliyobaki atasema "fanya unavyoona inafaa". Si mzembe, hajawahi kufikiria jambo hilo, na hawezi kulifikiria mpaka aone kitu kikifanya kazi mbele yake ndipo aseme "hapana, siyo hivi". Mengine anaona aibu kuyajibu, kwa sababu jibu litaonyesha kwamba utaratibu ulioandikwa ofisini haufuatwi na mtu. Kuna jedwali la Excel ambalo karani mmoja analihifadhi kwenye kompyuta yake, bila hilo hakuna malipo yanayotoka, na bosi hana habari nalo. Halitatajwa kwenye maelekezo yoyote utakayoiandikia AI. Unalijua kwa kukaa karibu na karani huyo mpaka akakuamini.

Tena, mara nyingi mteja ni watu watano wasiokubaliana, na kila mmoja anaamini kwamba wenzake wanataka anachotaka yeye. Kuwaweka pamoja, kumwambia mmoja wao kwamba anachokiomba kitamwumiza mwenzake, kukataa jambo ambalo mwenye fedha analitaka sana: kazi hiyo inataka mtu anayeweza kuulizwa kesho kwa nini alishauri hivyo.

"Basi mteja ajifunze kuandika mahitaji yake kikamilifu." Hili nalo limejaribiwa. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walipotaka mfumo wa kushughulikia majalada ya kesi, uliojulikana kama Virtual Case File, waraka wa mahitaji ulizidi kurasa 800. Mahitaji yaliendelea kubadilika njiani, na mwaka 2005 mradi ukaachwa baada ya kugharimu takriban dola milioni 170. Kurasa zilikuwepo, maafikiano hayakuwepo. Na hata ukifanikiwa kueleza kila kitu bila mwanya wowote, maelezo yako yatakuwa yamekaribia kuwa programu yenyewe, na aliyeyaandika amefanya kazi ya developa.

Wanaosema binadamu pia hukosea wasisite kunitajia Ariane 5. Juni 4, 1996 roketi hiyo ya Ulaya iliharibika takriban sekunde 40 baada ya kuwaka. Sehemu ya programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, na kule ilikuwa imefanya kazi bila shida. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda mlalo, namba ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, kompyuta za uelekezaji zikazima. Uchunguzi ulibainisha kwamba data za njia ya Ariane 5 hazikuwamo kwenye mahitaji ya kifaa kile. Ni kosa la binadamu, nakubali. Ila angalieni lilipo: kwenye swali ambalo halikuulizwa. Kuandika msimbo upesi zaidi kusingeiokoa roketi ile.

Nisieleweke kwamba hakuna kitakachobadilika. Mtu anayetaka programu ndogo ya kujipangia mambo yake, ambaye ndiye mteja na ndiye mtumiaji, anaweza kuitengeneza na AI bila kumlipa mtu, na ni haki yake. Timu zitapungua ukubwa.

Kinachoniuma ni wanaoanza. Uwezo wa kuuliza swali sahihi haufundishwi kwa nadharia. Mtu anaupata kwa kupewa kazi ndogondogo, kukabidhi kitu ambacho hakikuwa kimeombwa, na kusimama mbele ya mteja aliyekasirika akiwa na mkubwa wake pembeni. Kazi hizo ndogondogo ndizo AI inazichukua kwanza, na kampuni zinaona zimeokoa mshahara. Zikiacha kuajiri wanaoanza, miaka kumi ijayo zitamtafuta mtu mwenye uwezo wa kuketi na wale watu watano na hazitampata. Hatari hii naiona kubwa kuliko ile ya AI kuwa na akili mno, na sijasikia kampuni ikiijadili kwa uzito unaostahili.

Kwa hiyo, kwa wale wa kambi ya "wamekwisha", naomba mnijibu kwa mfano ule wa wateja wasio hai, bila kuniletea video za maonyesho. Nani atagundua kwamba mhasibu na mtu wa masoko wanamaanisha watu tofauti? Atagundua kabla ya kufuta au baada? Na rekodi zikishapotea, nani ataitwa ofisini kueleza?