Mgeni wa baridi ya Makete: jioni na usiku wa Julai mnaupitishaje?

BintiPangani

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu, kwetu ni Pangani, Tanga. Nilipangiwa shule ya sekondari ya kata huku wilaya ya Makete, nikaripoti mapema mwaka huu na mwanangu ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mvua nilizizoea, matope nayo nikayazoea. Ila tangu Juni iingie nimekutana na kitu ambacho sikuwahi kukijua.

Chumba changu ni bati bila dari, chini saruji, dirisha la mbao lina nyufa. Nikiingia kitandani shuka ni kama imetoka kisimani. Darasani chaki inanianguka, vidole havishiki. Nguo za mtoto zinashinda kwenye kamba na ukungu, jioni naziingiza mbichi vilevile. Mafuta ya nazi aliyonifungia mama yameganda kwenye chupa yakawa meupe, nayachokoa kwa mpini wa kijiko kupitia mdomo mwembamba wa chupa ili nimpake mtoto mashavu, maana yamepasuka mpaka yanatoa utando wa damu. Maharage nayachemsha mchana kutwa, hayaivi.

Kubwa kuliko yote ni jioni. Saa kumi na mbili watu wameshajifungia, mtaa mzima kimya. Nyumbani saa hizo ndiyo watu wanatoka barazani. Mimi nabaki na mtoto chini ya blanketi na simu mkononi, nasoma mnayoandika hadi usingizi unichukue. Nyie ndiyo watu ninaoongea nao.

Sasa kuna mtu kazini ameniambia niwashe jiko la mkaa nje, likikolea na moshi ukiisha niliingize chumbani, niweke sufuria ya maji juu yake, nifunge mlango nilale. Anasema wengi wanafanya hivyo. Moyo wangu unakataa, lakini mtoto akitetemeka usiku nalifikiria tena. Naombeni ushauri wa kweli. Na kama kuna jambo dogo linalowafariji nyie mnaokaa kwenye baridi, niambieni.

Nesi_wa_Zamu

Dada, hilo jiko usiliingize. Usiku wa leo, kesho, wala siku moja.

Nafanya kazi Iringa, na kila msimu huu tunapokea watu wa jiko. Mkaa unapoungua unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Moshi kuisha hakumaanishi kitu, kwa sababu gesi hiyo si moshi, na mkaa uliokolea vizuri ndiyo bado unaitoa. Ukiivuta inakamata damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na inaikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Sufuria ya maji haifanyi lolote. Maji hayanyonyi ile gesi, yanalainisha hewa tu.

Anayelala hapati nafasi ya kuamka. Aliye macho ataumwa kichwa, atahisi kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na wengi hudhani ni malaria au uchovu. Mtoto anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo sumu inamwingia mapema zaidi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa kwanza, halafu mkimbize kituo cha afya apewe oksijeni. Usimwache alale eti apumzike.

Nakuomba na huyo mwenzio wa kazini umwambie, tafadhali.

Baba_Eliya

Naunga mkono nesi. Niko Makambako, mnaujua upepo wa hapa. Kuna msimu vijana wawili wasaidizi wa fundi walilala na jiko kwenye stoo ya saruji, mlango wakauziba na magunia ili upepo usiingie. Asubuhi tuligonga hakuna aliyeitika. Mmoja tulimuwahi, mwenzake hakuamka. Walikuwa vijana wazuri, wachapakazi. Mdogo wangu, heri utetemeke.

Mkinga_wa_Milimani

Mwalimu, karibu kwetu, na pole sana na mtoto.

Kwanza ujue kinachokupata. Makete sehemu kubwa iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na wewe umetoka mahali ambapo bahari iko mlangoni. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi 6. Na hii miezi ya Juni, Julai na Agosti jua limehamia kaskazini ya ikweta. Usiku ukitoka ukaona nyota zote zimejaa na hakuna wingu, jiandae, kwa sababu joto la ardhi linapanda lote juu na hakuna cha kulizuia. Kule Kitulo asubuhi za namna hiyo nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi, na viazi vikiwa shambani majani yanababuka kama yamemwagiwa maji ya moto. Septemba inaanza kuachia. Si muda mrefu, utauona mwisho wake.

Sasa chumba. Baridi yako nyingi inatoka chini, watu wa pwani hawalijui hilo. Kitanda kikiwa cha chaga, tandika maboksi makavu chini ya godoro, na juu ya godoro tandika blanketi moja kabla ya shuka. Ukilalia blanketi moja na kujifunika mawili utasikia tofauti usiku huohuo. Juu, kama mwenye nyumba hataki kuweka dari, shona viroba vya salfeti, uvitandaze kutoka ukuta hadi ukuta juu ya kitanda. Nyufa za dirisha ziba kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano. Ila uzibe kwa sababu hakuna moto ndani. Ukishaziba, hata mshumaa uzime kabla ya kulala.

Maji ya moto ndiyo jiko lako la usiku. Chemsha, yaache yapoe kidogo, jaza kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kisichovuja, ifunge kwa kitenge mara mbili, iweke kitandani nusu saa kabla hamjalala. Mtoto akiingia iondoe upande wake, ibaki miguuni kwako. Ngozi yake ni laini, inaungua bila yeye kusema.

Maharage: huku juu maji yanachemka yakiwa hayajafika nyuzi 100, yanachemka kwenye 93 hivi. Kwa hiyo yanatokota lakini hayana joto la kwenu. Loweka usiku kucha, kesho yake mwaga maji hayo, bandika mapema, funika vizuri.

Na jioni, hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Hawa watu unaowaona wamejifungia hawajalala. Wako jikoni. Kwetu jiko ni nyumba ya peke yake nyuma, kuni zinawaka tangu alasiri, na watu wote wa nyumba wamezunguka pale mpaka usingizi uwashike. Mgeni akibisha hodi hakuna anayemuuliza amefuata nini. Usiuingize moto chumbani kwako mwalimu, wewe ufuate moto ulipo. Chukua mtoto, chukua hata majani ya chai, nenda kwa mama jirani.

Wambui_Limuru

Pole sana dada. Hapa Limuru pia Julai ni ukungu tu, unaweza kukaa siku nyingi bila kuona jua. Nimelelewa kwa mashamba ya chai, na hata sisi tulionywa tangu utotoni juu ya jiko la makaa ndani ya nyumba.

Hiyo chupa ya mafuta ya nazi, wacha kuisumbua na kijiko. Iweke yote kwa maji ya moto dakika chache, itayeyuka, kisha uihamishie kwa mkebe wenye mdomo mpana. Ikiganda tena utachota kwa kidole. Haijaharibika, mafuta ya nazi yanaganda tu joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa mashavu ya mtoto mpake akiwa bado na unyevu baada ya kuoga, halafu juu yake pitisha mafuta mazito ya mgando. Na usimwogeshe mara mbili kwa siku saa hizi. Mara moja, saa saba mchana, yatosha kabisa.

Nguo mbichi: zikunje ndani ya taulo kavu, kanyaga hilo taulo kwa miguu, maji yataingia kwa taulo. Ndipo uanike. Jioni zisogeze jikoni kwa hao majirani, mbali na moshi.

Kinachonifariji mimi ni uji wa wimbi ulioungwa na maziwa, saa kumi jioni, nikiwa nimevaa soksi mbili. Nakunywa polepole hadi kikombe kianze kupoa mkononi. Hata siku iwe mbaya aje, hiyo nusu saa ni yangu.

Mtanzania_Oulu

Dada, mimi niko Oulu, kaskazini mwa Finland. Sasa hivi huku ni kiangazi, usiku hauingii giza kabisa, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimeshiba mwanga. Ila Desemba jua linachomoza saa nne na nusu asubuhi, saa nane mchana limezama. Hilo linanirudia kila mwaka.

Mavazi: usinunue koti moja nene. Vaa nyepesi ndani, halafu nyingine, halafu sweta, ya mwisho izuie upepo. Hewa inayokamatwa katikati ya nguo ndiyo inayokupasha. Na kofia, hata ukiwa ndani. Kwenye mitumba tafuta sufu halisi, ikilowa kidogo bado inapasha, pamba ikilowa inakuibia joto.

Nakuelewa sana kwenye suala la jioni. Nilipofika huku nilikuwa nasubiri nijisikie vizuri ndiyo nitoke. Haiji hivyo. Kilichonisaidia ni kuwa na miadi isiyoahirishwa. Tuko Watanzania wachache, kila Jumatano mmoja anapika na wengine tunakwenda, theluji inyeshe isinyeshe. Na mchana, jua likionekana hata kidogo, acha kila kitu utoke. Kwenye mapumziko ya saa nne, chai yako inywee nje juani, siyo kwenye ofisi ya walimu.

Na sisi wa kwenye simu tupo, usituache. Lakini tungependa kusikia kwamba kuna mtu wa kukugongea mlango pia.

Nesi_wa_Zamu

Nilisahau upande wa mtoto. Mafua na kikohozi chepesi msimu huu ni kawaida. Kinachopaswa kukusimamisha ni kupumua. Akiwa ametulia, hajalia wala kucheza, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka, zikifika 40 au zaidi, mpeleke kituo cha afya. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani akivuta hewa, au anakataa kunyonya na kunywa, au amelegea, usisubiri kukuche. Hiyo inaweza kuwa nimonia.

Na jikoni kwa jirani nenda, ila kaa naye upande wa mlango, mlango uwe wazi. Moshi wa kuni nao unaumiza mapafu ya watoto.

BintiPangani

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mungu awabariki.

Jiko halitaingia. Na yule mwenzangu nilimuonyesha maneno ya nesi na ya Baba Eliya, akanyamaza, baadaye akaniuliza kuhusu chupa ya maji ya moto. Nadhani amelala nayo.

Maboksi chini ya godoro yamefanya kazi kweli. Mtoto hakuamka kutetemeka.

Juzi nikapiga moyo konde nikabisha kwa mama jirani na majani ya chai na sukari kidogo. Aliniambia, "Tulidhani walimu hamtaki kukaa na sisi." Nilishindwa hata kujibu. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango kama nilivyoagizwa. Walikuwa wamefukia viazi kwenye majivu ya moto, bibi akakitoa kimoja, akakipigapiga majivu kwa kiganja, akakimenya na kumpulizia mwanangu vipande kimoja kimoja mpaka akashiba. Mwanangu hamwendei mtu, lakini kwa yule bibi alikaa. Tumekwenda tena jana.

Bibi anafuma. Ameniona na soksi za mtoto zilizotoboka, amesema atanifundisha, nilete nyuzi na sindano. Mimi huko nilikotoka tunafuma vitambaa vya makochi tu. Wambui, wewe wa Limuru najua mnafuma. Nianze na nini, soksi, kofia au sweta? Na ninunue nyuzi kiasi gani, maana nategemea mtu anayekwenda Njombe Jumamosi.

Wambui_Limuru

Hiyo habari ya bibi imenifurahisha sana, msalimie.

Anza na kofia. Soksi zina kisigino, kitakuchosha ukate tamaa, na sweta utaimaliza baridi ikiwa imeisha. Kabla huyo mtu hajaenda Njombe, pima kichwa cha mtoto kwa uzi juu tu ya masikio, umpe huo uzi aende nao. Aagize nyuzi za sufu za unene wa kati, bunda moja litatosha kofia na kubaki, na sindano za namba 4, zile za mianzi kama zipo, kwa sababu za chuma zitakugandisha vidole. Akipata rangi mbili achukue, bibi atajua la kufanya nazo. Ukifuma, acha kipimo kipungue kidogo kuliko kichwa, kofia inavutika. Ukikwama kwa kupunguza mishono juu, niandikie hapa, mimi niko macho hadi saa nne usiku.