Mpango wa dharura wa bandari ni wa kumwonyesha mkaguzi, si wa kutumika usiku wa manane

Wakuu, naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya. Mimi ni afisa wa sitaha katika meli ya mizigo, na ndiye afisa usalama wa meli hiyo. Bandari ninayoilalamikia sitaitaja, ila waliofunga meli pale wataijua.

Mwezi uliopita tukiwa gatini, saa nane na dakika kumi usiku, baharia wa zamu aliwakuta watu wawili tezini, yaani nyuma ya meli, wakivunja kufuli la stoo ya kamba. Walikuwa wamepanda kutoka kwenye mashua ndogo, upande wa majini ambako taa za gati hazifiki. Alipopiga kelele, mmoja wao alimkata mkono kwa panga, kisha wote wawili wakajitosa baharini. Tulipiga kengele, tukahesabu watu, tukafunga milango yote ya makazi. Hadi hapo mambo yalikwenda kama tulivyojifunza. Kisha nikafungua mpango wetu ili niwaite watu wa nchi kavu.

Namba ya afisa usalama wa bandari, ambayo wao wenyewe walitupatia, ilipokewa na mzee aliyeamshwa usingizini, akaniambia kwa upole kwamba alistaafu mwaka juzi. (Huyo ndiye mtu pekee aliyenifaa usiku ule, kwani alinipa kwa kichwa namba ya aliyemrithi.) Mrithi hakupokea simu. Mnara wa bandari ulinijibu kwenye redio kwamba hilo ni suala la polisi, na polisi wa bandari wakasema boti ya doria ipo, ila mwenye ufunguo hayupo zamu. Wakubwa walipoamka hatimaye, jambo la kwanza walilofanya ni kufunga mageti yote, hivyo gari la wagonjwa tuliloliita likasimama nje kwa dakika 35 kwa sababu dereva hakuwa na kibali cha kuingia, huku kijana wetu akivuja damu mezani pa chakula.

Mkataba wa SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaeleza wazi kwamba matakwa ya usalama wa watu na chombo yakigongana na yale ya ulinzi dhidi ya wahalifu, nahodha atatanguliza yale ya kwanza. Je, mlinzi wa geti hana nahodha wake wa kumwambia hivyo? Mpango unaojua kufunga geti lakini haujui ni nani wa kufunguliwa ni nusu ya mpango, na ile nusu iliyokosekana ndiyo iliyotuumiza.

Wala hatari ya upande wa majini si jambo geni. Manowari ya Marekani, USS Cole, ililipuliwa bandarini Aden mwaka 2000 kwa mashua ndogo, na miaka miwili baadaye meli ya mafuta Limburg ikapigwa kwa njia hiyohiyo karibu na pwani ya Yemeni. Kanuni za ISPS, yaani kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, zilizopitishwa London Desemba 2002 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2004, ziliandikwa watu wakiwa na kumbukumbu hizo. Pamoja na hayo, kamera zote nilizoziona pale gatini zinatazama barabara.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sikubonyeza kitufe cha siri cha tahadhari. Kitufe hicho hakilii melini wala hakiziarifu meli za jirani. Ujumbe wake huenda kwa mamlaka iliyoteuliwa na nchi ya bendera (nchi ambako meli imesajiliwa), au kwa kampuni, ambao nao inawabidi waitafute mamlaka ya nchi iliyo karibu na meli. Kwa maneno mengine, ningezunguka nusu ya dunia ili nimwamshe mtu aliyelala mita mia tatu kutoka kwenye ngazi yangu ya kupandia.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kuliko yote. Taratibu zinataka mazoezi madogo angalau kila miezi 3, na zoezi kubwa la pamoja angalau mara moja kila mwaka, bila pengo la zaidi ya miezi 18. Safari iliyotangulia nililetewa karatasi na bandari hiyohiyo, iliyosema kwamba meli yetu imeshiriki zoezi la pamoja la mawasiliano. Hakuna simu iliyopigwa, hakuna redio iliyoitwa. Nilisaini, kwa sababu meli ilikuwa inangojea kuondoka na kila mtu alikuwa akinitazama. Aibu hiyo ni yangu. Hata hivyo, kama namba ile ingepigwa mara moja tu siku ile, mzee mstaafu angepokea mchana, na kosa lingerekebishwa kwa dakika tano.

Niliandika barua ya malalamiko. Nimejibiwa kwamba mpango wa bandari umeidhinishwa na ni wa siri. Najua ni wa siri. Kanuni zinataka ulindwe usifikie wasiohusika, na sikuomba kuusoma. Niliomba namba tatu za simu zinazopokelewa usiku, jina la cheo cha mwenye mamlaka ya kuruhusu gari la wagonjwa, na tarehe ya zoezi la kweli. Tunarudi pale baada ya siku 19, na hadi leo sijapewa hata kimoja.