Serikali inauona mshahara hadi senti ya mwisho. Ujira wa kibarua nani anauangalia?

MWANA_UNGALTD: Wadau, mwenye ajira rasmi anakatwa kodi kabla hajaigusa hela. Ukizidi 270,000 kwa mwezi, TRA, mamlaka ya mapato, wanakuona. Sasa nenda mashamba ya maua Usa River, au kwa wabeba mizigo pale soko la Kilombero, Arusha. Nani ana kumbukumbu ya walicholipwa jana? Ufuatiliaji upo kwa ajili ya makato, anayelipwa halindwi.

MWL_NGARENARO: Watumishi tulihakikiwa 2016, enzi za wafanyakazi hewa, hadi tukachoka. Vibarua wenyewe hawataki kuandikwa. Na wagumu, wabeba mizigo wa Mlima Kilimanjaro, wanavuta tipu (bakshishi za wageni) kuliko mshahara wangu.

MGUMU_MARANGU: Mwalimu, hilo la tipu lifute! Getini mzigo wangu unapimwa, ukizidi kilo 20 unapunguzwa. Malipo yangu yanapimwa wapi? Msimu uliopita nimeshuka na wageni, kampuni ikanizungusha wiki nzima, nikapewa nusu.

MWL_NGARENARO: Silifuti. Tipu haikatwi hata shilingi. Mimi nakatwa kila mwezi.

DADA_MAJENGO: Mwalimu, shikamoo, lakini hapo umekosea. Tipu mara nyingi inapitia kwa gaidi mkuu, yaani anayeongoza wageni mlimani. Akisema mgeni katoa kidogo, mgumu atamuuliza nani, na mgeni yuko uwanja wa ndege KIA?

GAIDI_MACHAME: Dada, usituweke wote kapu moja. Mimi nahesabu mbele ya kila mtu.

DADA_MAJENGO: Wewe labda. Mdogo wangu hajawahi kuhesabiwa.

MANGI_KIBORILONI: Mmeng'ang'ania tipu! Kima cha chini sekta binafsi kipo, 275,060 kama sikosei.

MWANA_UNGALTD: Hicho cha zamani, mangi. Tangu Januari 2026 ni 358,322.

MANGI_KIBORILONI: Sawa. Na kila sekta ina chake, na amri ya mishahara inataja hadi kiwango cha siku na cha saa. Kibarua yumo kwenye sheria. Hajamwona tu ofisa kazi shambani.

MWL_NGARENARO: Akija, nusu ya vibarua watafichwa siku hiyo.

MGUMU_MARANGU: Basi aanzie getini kwetu, kwenye mzani, tukishuka. Hapo hatufichiki. Tipu nazo zihesabiwe hapohapo.

MWL_NGARENARO: Na zikatwe kodi.

MGUMU_MARANGU: Zikatwe, mwalimu. Ila kwanza zinifikie.