Uliyesomeshwa na mwajiri: mshahara ulipanda? Ulibaki? Tupeane uzoefu (Mtwara na Lindi)

Wadau wa Kusini, naanza mimi. Mwaka 2013, gesi ndiyo habari ya mji, kampuni niliyokuwa nafanyia kazi Mtwara ilinilipia kozi ya kuchomelea mabomba. Mtihani wa mwisho ulikuwa 6G: bomba linafungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, haligeuzwi, wewe ndiye unalizunguka mpaka shingo inakakamaa. Kisha vinakatwa vipande pale ulipochomelea, vinakunjwa kwa mashine. Ufa ukizidi kipimo, umefeli. Vyangu havikupasuka.

Nikarudi kazini na furaha yangu. Mshahara uleule, na juu yake bondi, yaani mkataba wa kutoondoka, ya miaka miwili. Nikawa nahesabu siku. Ilipoisha nikaaga, na kwenye mshahara wa mwisho wakakata gharama yote ya kozi. Inaniuma mpaka leo, maana bondi niliimaliza.

Nyie ilikuwaje?

Dada wa Newala: Pole sana kaka. Mimi nilikuwa nabangua korosho kiwandani, malipo kwa kilo. Bosi akatuchagua wanne tufundishwe kupanga madaraja. Unaweka punje kiganjani, unaangalia ukubwa, rangi, na kama imemeguka. W180 ndizo kubwa, kama 180 kwa ratili moja. W320 ni ndogo zaidi. Mafunzo wiki mbili tu, hata karatasi hatukupewa. Lakini mwezi uliofuata tukaingizwa kwenye mshahara wa mwezi. Nina miaka sita pale. Nimeitwa kwingine mara mbili, sikwenda.

Mwenye malori, Lindi: Mimi naongea kama mwajiri. Nilimlipia utingo wangu mafunzo ya udereva mpaka akapata leseni ya magari makubwa. Korosho zilipoanza kushuka kutoka Liwale akachukuliwa na mwenzangu, kwa nyongeza ambayo hata mimi ningeiweza. Nikaapa sisomeshi tena mtu. Mke wangu akaniuliza, "Baada ya leseni ulikuwa unamlipa kama nani?" Nilikosa jibu. Nilikuwa bado namlipa kama utingo. Wa pili nilimpandishia wiki ileile leseni ilipotoka. Huu ni msimu wa nne, yupo.

Mhasibu, Mikindani: Mzee wa malori, mchumi wa Marekani Gary Becker alilichambua jambo hili mwaka 1964: ujuzi unaofaa popote anaondoka nao mfanyakazi, kwa hiyo ukimlipa malipo ya zamani unamsomeshea jirani. Udereva ni ujuzi wa aina hiyo.

Mtoa mada, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyojisikia. Lazima iwepo sheria, makubaliano ya pamoja ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama au tuzo (uamuzi) ya mwamuzi wa mgogoro, au wewe mwenyewe uwe umekubali deni kwa maandishi. Madai ya namna hiyo hupelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60. Wanaosomeshwa sasa hivi, hakikisheni bondi inasema deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi.

Mtoa mada: Siku 60! Mimi nilikaa kimya mwaka mzima nikidhani ndiyo utaratibu. Kuna karatasi nilisaini asubuhi ya kwenda kozi, gari linanisubiri nje, sikusoma hata mstari. Dada wa Newala, muombe bosi akuandikie barua inayotaja yale mafunzo, wakati bado mnaelewana.