Mkate wa mayai wa kuoka wenye ganda la konfleksi: kwa nini unalowa upande wa chini?

Pembe_ya_Jiko

Habari zenu wadau wa mapishi. Naomba msaada wa mkate wa mayai, ule wa kuchovya slesi kwenye mayai na maziwa, ila huu hauendi kwenye kikaango. Unavikwa konfleksi zilizopondwa, kisha unaingia kwenye oveni.

Juu unatoka vizuri, rangi ya dhahabu, na unalia ukiutafuna. Shida iko chini: ganda linalowa na kung'ang'ania karatasi, ukigeuza slesi nusu ya konfleksi inabaki kwenye trei. Katikati nako mkate unakuwa kama uji.

Vipimo ni hivi: slesi 8 za mkate laini, mayai 3, maziwa mililita 480, sukari vijiko vikubwa 3, konfleksi vikombe 3. Moto nyuzi 180 kwa dakika 20, trei inaingia ikiwa baridi na imetandikwa karatasi ya kuokea. Ninachotaka ni kupika slesi 8 hadi 12 kwa mpigo, zikauke nje pande zote mbili na ndani zibaki laini. Nirekebishe maziwa, mkate au moto?

Samli_Safi

Vyote vitatu, lakini anza na maziwa. Mililita 480 kwa mayai 3 ni mchanganyiko mwepesi mno kwa mkate wenye ganda. Yai ndilo linaloganda na kuyashika maji ya maziwa. Yai likiwa dogo kuliko kazi yake, maji yanabaki huru, yanageuka mvuke, na huo mvuke unatokea kwenye konfleksi. Juu unapotelea hewani. Chini umezibwa na trei, kwa hiyo unarudi kwenye ganda.

Kwa yai moja weka maziwa mililita 45, usivuke 60. Slesi 8 za unene wa sentimita 2 zinataka mayai 4, maziwa mililita 180, sukari kijiko kikubwa 1, vanila kijiko cha chai 1, mdalasini nusu kijiko cha chai na chumvi robo kijiko cha chai. Mdalasini ukiumwaga moja kwa moja kwenye maziwa unaelea na kufanya madonge, halafu slesi ya kwanza inaubeba wote. Uchanganye kwanza na sukari ikiwa kavu, tia mayai, piga mpaka ute wa yai usionekane ukivutika kwenye uma, ndipo umimine maziwa.

Konfleksi ni gramu 150, kama vikombe 5 kabla ya kuponda. Vikombe 3 havitoshi slesi 8 pande zote na kingo. Ziponde kwa mkono ndani ya mfuko, usitumie blenda. Unataka vipande kati ya punje ya mchele na nusu ya ukucha. Vikiwa vikubwa kuliko hapo, havilali bapa juu ya mkate na vinadondoka wakati wa kugeuza. Zikiwa unga, zinafyonza maji mara moja na kuwa ubandiko. Unga kidogo chini ya mfuko hauna neno, unasaidia kujaza mapengo.

Sasa jambo ambalo mapishi mengi yanaliruka: konfleksi zipakwe mafuta kabla ya kugusa mkate. Yeyusha samli vijiko vikubwa 2, nyunyizia, koroga kwa vidole mpaka kila kipande king'ae. Mafuta hayo yanachelewesha maji kuingia kwenye konfleksi, na yanafikisha moto kwenye ganda sawasawa ili liive rangi moja badala ya mabaka. Siagi inafaa pia, ila ina maji kiasi na chembe za maziwa zinazoungua mapema. Samli haina shida hiyo.

Mkate_Mkavu

Naongezea kuhusu mkate, maana vipimo vyote hivyo vinaharibika ukitumia mkate laini uliotoka mfukoni.

Watu husema "tumia mkate wa jana", lakini mkate wa jana uliofungwa ndani ya mfuko umekuwa mgumu tu, haujakauka. Wanga wake umejipanga upya na kukaza, maji mengi bado yamo. Ukiuchovya, hauna nafasi ya kupokea mayai, kwa hiyo mayai yanakaa juu juu na kulowesha ganda. Kinachotakiwa ni kuutoa maji. Panga slesi kwenye wavu, oveni nyuzi 120, dakika 7 upande mmoja na 7 mwingine. Usisubiri rangi. Slesi iwe kavu ukiigusa usoni, lakini ukiikunja kidogo ikubali kabla ya kuvunjika. Iache ipoe kabisa kabla ya kuchovya, kwa sababu mkate wa moto unaanza kuivisha yai usoni na kuziba njia.

Unene ni sentimita 2 hadi 2.5. Slesi nyembamba za kiwandani, zile za kama sentimita 1.2, zinalowa mpaka katikati ndani ya sekunde chache na hazibebi ganda zito. Kama hizo ndizo ulizonazo, chovya sekunde 3 kila upande, basi. Slesi nene iliyokaushwa inataka sekunde 15 hadi 20 kila upande. Mkate wenye siagi na mayai ndani yake, kama brioche, uchovye muda mfupi zaidi. Ndani yake ni laini, na ukiuinua ukiwa umelowa sana unakatika.

Baada ya kuchovya usikimbilie konfleksi. Weka slesi kwenye wavu dakika 2 au 3. Utaona uso ukibadilika: mwanzoni unang'aa kama umepakwa maji, baadaye ung'aavu unapungua na unabaki unanata. Huo mnato ndio gundi. Ukivika ganda uso ukiwa bado unang'aa, konfleksi zinaelea juu ya mayai badala ya kushika mkate, na hapo ndipo zinapobaki kwenye karatasi.

Pembe_ya_Jiko

Ahsanteni sana, hili la kungoja ung'aavu upungue sijaliona popote. Vipi kuhusu kuvika, ni kuviringisha au kunyunyizia? Na moto je?

Samli_Safi

Usiviringishe. Mwaga konfleksi kwenye sahani pana, laza slesi, kandamiza kwa kiganja kilichonyooka huku ukihesabu moja hadi tano, geuza, rudia. Kingo zipige kwa kuzisukumia konfleksi pembeni. Tumia mkono mmoja kwa mayai na mwingine kwa konfleksi, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyovikwa ganda. Tena usimwage konfleksi zote kwa mara moja. Weka theluthi, ongeza kadiri zinavyopungua, maana matone ya mayai yanalowesha zilizobaki, na slesi za mwisho zinapata mabonge.

Slesi ikishavikwa isikae zaidi ya dakika 10 kabla ya moto. Kuna wanaopanga kila kitu usiku, wanafunika na kuweka kwenye friji. Kwa mkate wa mayai unaookwa ndani ya bakuli bila ganda ni sawa, kwa huu utaamka na konfleksi laini kabisa. Kama unataka kujitayarisha mapema, kausha mkate na ponda konfleksi usiku, mengine yangoje asubuhi.

Moto: nyuzi 200, na kwa oveni yenye feni 180. Nyuzi 180 bila feni zinapika ndani kabla nje haijakauka. Trei iwe ya chuma, iingie tupu dakika 10 mpaka iwe moto kweli, ndipo upake kijiko kikubwa 1 cha samli na kulaza slesi. Usikie ikichachatika. Usiposikia, rudisha trei. Dakika 10, geuza, halafu 7 hadi 9 tena. Acha angalau sentimita 2 kati ya slesi na slesi, kwa sababu zikibanana zinapigana mvuke pembeni. Slesi 12 zinataka trei mbili, na uzibadilishe nafasi wakati wa kugeuza.

Wavu_na_Koleo

Kwa heshima, mimi sikubaliani na trei. Weka slesi juu ya wavu, wavu juu ya trei. Hewa ya moto inapita chini, mvuke unatoka pande zote, na huhitaji kugeuza kitu. Dakika 20 hadi 22 kwa nyuzi 200, kwisha.

Samli_Safi

Wavu unakausha chini lakini hauleti rangi, kwa sababu hewa inapeleka joto polepole kuliko chuma kilichopakwa mafuta. Upande wa chini unatoka mkavu na mweupe. Pia mkate uliolowa ukikaa juu ya nyaya unazama katikati yake, ganda linanasa, na ukiinua unapata michirizi iliyobanduka. Kwenye oveni yenye feni nzuri unaweza kufanikiwa ukiupaka wavu mafuta. Kwenye oveni ndogo ya mezani isiyo na feni, trei ya moto inashinda.

Wavu_na_Koleo

Kunasa kunatokana na wavu wa baridi. Upashe moto kama unavyopasha trei yako. Lakini rangi ya chini nakubali, ni hafifu. Basi ufanyike hivi: dakika 10 kwenye trei ya moto, ukigeuza hamishia kwenye wavu umalizie hapo. Upande wa kwanza umeshapata rangi kutoka kwenye chuma, wa pili unapata kutoka juu, na mvuke wa mwisho, ambao ndio mbaya zaidi, unapata pa kutokea.

Oveni ndogo weka slesi nafasi ya chini ya katikati. Koili ya juu ikiwa karibu, konfleksi zinakuwa kahawia dakika ya 6 wakati yai la ndani bado bichi. Usifunike kwa foili kuzuia rangi, utakuwa umefungia mvuke. Shusha trei au punguza moto hadi 190. Na achana na mikeka ya silikoni, inakinga joto kiasi kwamba chini hapakauki vizuri.

Kujua kama imeiva: bonyeza katikati kwa kidole. Ikibonyea na kubaki, bado. Ikirudi juu, tayari. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71 au zaidi katikati ya slesi, hapo yai limeiva salama.

Kikombe_Kimoja

Nina swali dogo hapo hapo. Konfleksi za sukari zinafaa? Na nafaka nyingine za kifungua kinywa?

Mkate_Mkavu

Za sukari zinafaa ukiondoa sukari yote kwenye mayai na kushusha moto hadi 180. Sukari ya juu inayeyuka na kuungua haraka, na ikigusa trei inaganda kama lami. Tumia karatasi ya kuokea kwa hizo, hata kama trei ni ya moto.

Mchele uliofurishwa ni mwepesi na unapendeza ukitoka tu, lakini umejaa hewa, unafyonza unyevu na kunywea upesi. Uchanganye nusu kwa nusu na konfleksi. Za pumba za ngano rangi yake ni nyeusi tangu mwanzo, kwa hiyo macho hayawezi kukuambia zimeiva au zinaungua. Fuata saa na kidole. Granola ni nzito, mabonge yake yanaanguka, na ile yenye asali inaungua mapema. Ukiipenda, ponda ndogo na isizidi robo ya mchanganyiko. Zabibu kavu zitoe zote, zinafura na kuwa chungu kwenye moto huo. Lozi zilizokatwa nyembamba zinakaa vizuri, robo kikombe kwa konfleksi gramu 150.

Kikombe_Kimoja

Na kwa asiyetumia maziwa ya ng'ombe?

Samli_Safi

Maziwa ya soya kwa kipimo kilekile, chagua yasiyotiwa sukari. Tui zito la nazi liongezwe maji nusu kwa nusu, vinginevyo mafuta yake yanafanya ndani kuwe kuzito. Maziwa ya shayiri mengi yana utamu wake wa asili, punguza sukari. Badala ya samli tumia mafuta ya kupikia yasiyo na harufu.

Pembe_ya_Jiko

Nimeelewa. Swali la mwisho: trei mbili zikitoka kwa kupishana, za kwanza nizihifadhije zisilegee? Na zinaweza kugandishwa?

Wavu_na_Koleo

Za kwanza ziweke kwenye wavu, safu moja, ndani ya oveni ya nyuzi 90 na mlango ukiwa wazi kidogo. Dakika 20 hadi 30 zinastahimili. Usizipange moja juu ya nyingine na usizifunike. Asali, sharubati au matunda yawekwe mezani, kila mtu amimine anapokula. Ukimimina jikoni, ganda linalegea kabla sahani haijafika.

Kugandisha inawezekana, na zinatoka vizuri kuliko watu wanavyodhani. Zipoe kabisa kwenye wavu, panga kwenye trei bila kugusana, friza mpaka ziwe ngumu, ndipo uzitie mfukoni na kutoa hewa. Kuzila, toa moja kwa moja kwenye friza ziingie oveni ya nyuzi 190, juu ya wavu, dakika 12 hadi 15. Usiziyeyushe kwanza, maji ya barafu yanaingia kwenye ganda. Maikrowevu usiiguse kabisa kwa kazi hii. Kama unajua tangu mwanzo kwamba utazigandisha, zitoe oveni dakika 2 mapema, rangi ikiwa bado ya njano, kwa sababu zitaendelea kupata rangi utakapozipasha.